Pampu ya joto katika nyumba kuukuu ya Uingereza: ijaribu kwanza Januari

Wengi wetu tulionunua nyumba Leicester, Birmingham au London tumeangukia zile za matofali mekundu zilizojengwa kabla ya 1919. Kuta zake ni tofali kwa tofali, hazina uwazi katikati wa kujazwa sufi ya kuhifadhi joto. Boila ya gesi ikianza kuchoka, atabisha hodi mtu akwambie serikali inatoa pauni 7,500 uweke pampu ya joto. Usikubali siku hiyo, wala usikatae.

Pampu hii ni friji iliyogeuzwa. Pitisha mkono nyuma ya friji usikie vuguvugu: hilo ni joto lililotolewa ndani na kutupwa nje. Pampu hulitoa kwenye hewa ya nje, hata penye barafu, ikalileta sebuleni. Kwa kuwa inahamisha joto badala ya kulizalisha, uniti moja ya umeme huleta kama uniti tatu za joto. Ila boila huzungusha maji ya nyuzi 65 au 70 kwenye redieta, yale mabamba ya chuma yanayopasha vyumba, na pampu hupendelea 35 hadi 50. Kwa hiyo usihangaike sana na umri wa nyumba. Jiulize kama inaweza kupata joto kwa maji yasiyo ya moto sana.

Na hilo unaweza kulipima bure. Kwenye boila ya kombi, ile inayopasha maji ya bomba papo hapo bila tanki, kuna kitufe chenye alama ya redieta; wiki ya baridi kali kishushe hadi nyuzi 50, acha mfumo uwake mfululizo badala ya kuwasha na kuzima, kisha pita chumba kwa chumba na kipimajoto. (Mwenye tanki la maji ya moto linalopashwa na boila hiyohiyo amwite fundi kwanza, maana maji ya tanki yasipofika 60 yanaweza kuzalisha bakteria hatari.)

Kwetu sebule ilikaa 20 bila taabu. Chumba cha nyuma, chenye kuta tatu za nje, kiligoma kwenye 16, na mtoto alilala na soksi mbili. Tatizo lilikuwa redieta moja nyembamba na upepo uliopenya chini ya mlango. Tukaweka redieta nene yenye paneli mbili, tukaziba mlango, tukaongeza sufi darini hadi sentimita 27. Ukuta hatukuugusa: kuufunika kwa ndani ni gharama kubwa, na ukifanywa vibaya unyevu hunaswa na ukungu huota.

Kwenye pesa nitasema wazi. Uniti ya umeme hapa ni karibu mara nne ya bei ya gesi. Boila nzuri hutoa asilimia 90 ya gesi yake kama joto, hivyo pampu inayozidisha mara tatu tu inaweza kukuongezea bili. Inapofika mara tatu na nusu au nne ndipo unapumua, na kufika huko kunategemea maji kuwa na joto la chini. Ndiyo maana redieta zina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye mashine.

Fundi akupigie hesabu ya joto linalopotea kwa kila chumba, kwa maandishi. Anayekadiria kwa macho, mwage. Awe na cheti cha MCS, mpango wa Uingereza wa kuthibitisha mafundi wa mitambo hii. Bila hicho ruzuku ya England na Wales haipatikani, na yeye ndiye anayeiomba kisha kukukatia kwenye bei. Scotland wana utaratibu wao. Ukiwa mpangaji, uamuzi ni wa mwenye nyumba.

Asubuhi ya barafu mashine ya nje hufuka mvuke mzito. Usiite zimamoto, inayeyusha barafu iliyoigandia.

Na ulizia mapema tanki la maji ya moto litakaa wapi, kwa sababu pampu hulihitaji na kombi haikuwa nalo. Letu limechukua kabati la chini ya ngazi, na masanduku ya safari ya nyumbani sasa yako chini ya kitanda.