Skrini ya buluu kila mara? Pima RAM moja moja
Windows ikikuangushia skrini ya buluu yenye ujumbe unaobadilika, leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, usikimbilie kupiga Windows upya: huenda mbovu ni RAM (vijiti vya kumbukumbu ya kompyuta). Zima, chomoa waya wa umeme, toa RAM zote, rudisha moja tu, kisha washa MemTest86 (programu ya kupima RAM) kutoka kwenye flashi na uiache usiku kucha. Ikitoa kosa hata moja, usiitupe RAM hiyo bado: sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, upime tena (yangu ilipona hapo). RAM nyingine ipime kwenye sloti (tundu) ileile, maana ukibadilisha RAM na sloti kwa pamoja hutajua mbovu ni ipi. Kama uliongeza kasi ya RAM kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), irudishe kwanza. Laptopu zenye RAM iliyochomelewa kwenye ubao, hapo mbinu hii haifui dafu.