Mkanda wa Kamera: Wakati wa Kuuvaa na Wakati wa Kuuvua

Mpiga picha wa Uganda anaweza kupanda bodaboda Kampala leo, na wiki hiyohiyo akawa anakwea mteremko wenye matope katika msitu wa Bwindi. Kwa hiyo uamuzi wa kutumia mkanda haufanywi mara moja kwa siku zote. Kabla ya kila kazi jiulize mambo mawili: mikono yako itakuwa na shughuli gani nyingine, na kamera ikikuponyoka itaangukia wapi?

Ikiwa itaangukia majini, mkanda ni wa lazima. Ndani ya mashua za Mfereji wa Kazinga, au zile zinazopanda Nile kuelekea Maporomoko ya Murchison, abiria hugeukia upande mmoja mara tu kiboko anapoibuka, na kikumbo kidogo cha jirani chatosha kuleta hasara. Mkanda una faida nyingine hapo, ambayo wengi hawaitumii: ukiufupisha, kisha ukaisukuma kamera mbele mpaka ukakaza nyuma ya shingo, mikono hutulia na picha hutoka safi zaidi.

Bwindi panahitaji uangalifu zaidi. Njiani mkanda mrefu hunasa kwenye matawi, na kamera inayoning'inia kifuani hugonga mawe kila unapoinama, kwa hiyo ni afadhali ikae ndani ya begi lisilopitisha maji, ambalo mpagazi anaweza kukubebea. Lakini mkiwafikia sokwe wakubwa wa milimani (gorila), mabegi huachwa nyuma, nawe una saa moja tu ya kuwatazama, mara nyingi ukishika mti kwa mkono mmoja ili usiteleze. Hapo ndipo mkanda mfupi wa kuvaa kwenye kifundo cha mkono unapofaa kuliko ule wa shingoni.

Kwenye bodaboda usiuvae kabisa. Mnyang'anyi akiuvuta mkanda uliouzungusha mwilini, anaweza kukuangusha barabarani pamoja na kamera, na hakuna kamera yenye thamani ya mbavu zako. Itie ndani ya begi, ufunge zipu, kisha ulipakate begi kati yako na dereva.

Vilevile uuvue unapoweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kwa kuwa upepo huupeperusha na kuitikisa kamera wakati ambapo picha inahitaji sekunde kadhaa za utulivu. Kwa sababu hiyo napendekeza sana mkanda wenye vifungio vya kubofya, unaotoka na kurudi upesi.

Katika sherehe ndefu kama kwanjula (sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) na harusi, tatizo ni uzito. Kamera yenye lenzi kubwa ya milimita 70-200 inaweza kupita kilo 2, na shingo haiwezi kuubeba mzigo huo mchana kutwa, kwa hiyo chagua mkanda mpana unaopita begani hadi ubavu wa pili. Ikiwa lenzi ina mguu wake wa kuifungia kwenye stendi, funga mkanda hapo badala ya kwenye kamera, ili maungio ya lenzi yasielemewe.

Mkanda wowote utakaouchagua, hakikisha ncha yake imepita kwenye bizimu na kubaki angalau sentimita 5, kisha uvute kwa nguvu kamera ikiwa juu ya godoro. Mkanda ukiteleza hata kidogo, ufunge upya kabla hujatoka.