Namna ya kudurusu kwenye feri ya Likoni msimu wa masika

Kwanza tafuta nailoni ya godoro. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na ile ya kitambaa wanayouza sokoni hupitisha maji kama chujio. Ninayoisema mimi ni ile nailoni nzito godoro jipya huja nayo. Mamangu aliikunja akaihifadhi chini ya kitanda, akisema itafaa siku moja. Siku yenyewe ikafika pale mvua iliponikuta kwenye mteremko wa kuingilia feri, nikaingia darasani na daftari la kemia limevimba kama hamri. Kata kipande, fungia vitabu viwili vitatu, ndiyo utie mkobani.

Mimi niko kidato cha nne, shule ya kutwa kisiwani Mombasa, nyumbani Likoni, ng'ambo ya kivuko. Wenzetu wa bweni hutuhurumia kwa sababu wao wana prepu, vipindi vya kujisomea, asubuhi na usiku. Mimi nina feri. Muhula wa kwanza nilipiga hesabu: kungoja, kuvuka, kushuka, kwenda na kurudi, hata siku nzuri haipungui saa nzima. Saa hiyo nilikuwa naimaliza kwa kulalamika. KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ni mwisho wa mwaka, na sina pengine pa kuitoa saa nyingine.

Kitabu hakisomeki kwenye feri, usijisumbue. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi watu wamebanana, mkono mmoja umeukumbatia mkoba kifuani (ukiuacha mgongoni ni shauri yako), na aliye mbele yako amebeba kuku wawili miguu juu. Unataka kitu cha kusomwa kwa mkono mmoja. Mimi nimekata kadi kwenye katoni la sabuni, ukubwa wa kiganja, nikazitoboa pembeni na kuzitunga kwenye kamba ya kiatu. Kidole gumba ndicho kinachofunua. Upande wa mbele swali, nyuma jibu, na kadi moja jambo moja. Andika kwa penseli. Mimi nilianza na kalamu ya jeli kwa kupenda rangi, mvua ya kwanza ikanigeuzia elementi ishirini za mwanzo kuwa ramani ya bahari. Penseli haitoki kwa maji. Kadi zisizidi kumi kwa siku, maana ukibeba hamsini utazihesabu tu.

Sasa, ubebe somo gani? Hisabati iache nyumbani, inataka meza. Fizikia nayo, labda fomula peke yake. Somo la feri ni Kiswahili, na hapa nitakaa kidogo.

Karatasi ya pili ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii, yaani lugha inavyotumika katika jamii, 10. Hizo 10 za mwisho Likoni wanazigawa bure. Wataja sajili (lugha ya mahali au kazi fulani), unatoa sifa zake na mifano. Basi simama ukingoni usikilize muuza njugu: "Njugu kumi, njugu kumi, moto moto, chukua wajameni, dakika ya mwisho hii!" Hapo una takriri, sentensi fupi fupi, lugha ya kushawishi na chumvi, maana dakika ya mwisho ya huyo bwana naisikia tangu kidato cha kwanza. Sogea kwa makanga wa matatu za Ukunda usikie sajili nyingine kabisa. Andika jioni ulichosikia asubuhi, maneno yenyewe, usiyasafishe. Mtihanini mfano wa kweli huja wenyewe, wala huhitaji kukariri wa mwalimu.

Ngeli nazo. Nikichoka na kadi, natazama kitu chochote naunda sentensi ya umoja na wingi kimoyomoyo. Mkokoteni umekwama, mikokoteni imekwama. Jahazi lile limepita, majahazi yale yamepita. Uso wa mzee umekunjamana, nyuso za wazee zimekunjamana. Ukifika ng'ambo umeshafanya ishirini, na hakuna aliyejua unasoma.

Sisi wa Pwani Kiswahili cha mtihani tunakihitaji kuliko watu wengi, tuambiane ukweli. Tuna ugonjwa wa kudhani Kiswahili ni cha mama zetu kwa hiyo hakitufelishi. Katika mtihani wa kati ya muhula nilipata 11 kwa 20 kwenye insha. Jirani yangu wa deski, aliyezaliwa Kisii na kuja Mombasa akiwa darasa la sita, alipata 16. Yangu ilikuwa na mistari myekundu chini ya "yuaja", "nshamwambia" na "hatujui twendapo". Nikaenda ofisini nimenuna.

"Mwalimu, lakini haya si makosa. Nyumbani ndivyo tusemavyo."

"Ni maneno yenu, mwanangu, tena matamu," akasema. "Yatie kinywani mwa mhusika, ndani ya alama za kunukuu, nitakupa alama za mtindo. Nje ya hapo niandikie 'anakuja'."

Kwa hiyo kadi zangu saba ni za hilo tu: mbele neno la nyumbani, nyuma la mtihani. Ukiwa wa Pwani tengeneza zako leo, kabla ya kadi nyingine yoyote. Kusanya makosa yako mwenyewe kwenye insha zilizosahihishwa, ya mwenzako hayatakusaidia.

Kuna siku kadi zenyewe uzitie mfukoni. Meli ya mizigo ikiwa inaingia bandari ya Kilindini au inatoka, feri husubiri hadi ipite. Watu husonya. Mimi nimeacha kusonya. Wiki iliyopita ilipita moja yenye makontena yamepangwa juu kama maghorofa, karibu kiasi cha kuona kutu inavyotiririka kutoka kwenye tundu la nanga na mtu mmoja mwenye kofia ya manjano akituangalia kwa juu. Feri nzima ikanyamaza, hata muuza njugu. Nyuma imeandikwa Monrovia, bandari iliyosajiliwa. Nimeshaona Panama na Majuro pia, na nikienda shule nachungulia atlasi Majuro iko wapi (Visiwa vya Marshall, katikati ya Pasifiki). Hiyo si kazi ya mtihani, lakini nimeipenda.

Na ndani ya ile meli kuna rubani aliyepanda huko nje kuiingiza, kwa sababu nahodha mgeni hawezi kuujua mkondo wetu kama mwenyeji. Mama yangu mdogo aliniuliza mbele ya watu sikukuu ya Idi, "Haya, wa kidato cha nne, utasomea nini?" Nikasema urubani. Akapiga kigelegele, akaanza kuniagiza nimpeleke Dubai bure. Sikumkatiza. Watu wamesahau kwamba rubani alikuwa wa chombo cha baharini kabla ya ndege kuzuliwa. Vasco da Gama mwaka 1498 alipotaka kufika India alipewa rubani Malindi, na hilo liko kwenye kadi yangu ya historia. Ushauri wangu kwa swali hilo la "utasomea nini", ambalo utaulizwa mpaka Disemba: jibu neno moja, kisha sifu biriani.

Jambo moja si la kudurusu. Ukikuta banda la kungojea limefurika na geti linafunguliwa, usiende na mkumbo. Jibanze ukutani uwaache wapite. Nyanya yangu ana jamaa waliokuwa kwenye feri ya Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, ilipopinduka wakafa watu 272, na mpaka leo masika yakianza hunisindikiza hadi barazani akiniambia lile lile: "Feri ni nyingi, mjukuu wangu." Shule nikichelewa naokota taka uwanjani robo saa. Naokota.

Jioni usisome ukivuka. Nilijaribu wiki mbili, nikawa naangalia kadi ile ile toka kisiwani hadi Likoni. Kaa upande unaopata upepo. Mwezi wa tatu kaskazi likiisha joto hukaba, na kusi likianza ndipo unakumbuka pua ina kazi gani. Ukishuka, nunua viazi karai vya shilingi ishirini na ukwaju mwingi, ule ukitembea. Kisha nyumbani, hisabati, kabla umeme haujakatika. Mvua ikipiga mabati hutasikia hata mawazo yako, lakini hisabati haihitaji kusikia. Nina taa ndogo ya sola ninayoianika juu ya paa kutwa, na chandarua nimekishusha mapema nikakaa ndani yake na daftari magotini. Mbu wa masika hawana huruma kwa mtahiniwa. Mdogo wangu yuko Gredi ya 10, huo mfumo mpya wa elimu usio na KCSE, hunichungulia kupitia tundu za chandarua akiniuliza KCSE inafananaje. Wa kidato cha tatu ndio watakaoifanya mwisho, 2027. Namwambia inafanana na feri: unangoja muda mrefu, halafu inachukua dakika kumi. Haamini.

Asubuhi, kabla hujatoka, chomoa kadi tatu ulizozijua jana utie tatu mpya. Funga kamba. Nailoni, mkoba, kifuani. Mkifika kisiwani na mlango wa feri ukianza kuteremka, rudisha kadi mfukoni hata kama uko katikati ya swali, uwape njia kwanza wenye mikokoteni. Gunia za viazi zikishika mwendo hazina breki.