Joto la Mombasa si inkubeta: kupima Salmonela kwenye banda la kuku

Kosa linalorudiwa na vikundi vya wafugaji wa kuku wa mayai, Kisauni hadi Likoni, ni hili: kinyesi kinakorogwa kwenye maji, utepe wa kupima Salmonela (bakteria wanaowaambukiza kuku na watu), wenye chembe nano za dhahabu, yaani chembe ndogo mno, unachovywa papo hapo, unatokea mstari mmoja tu, ule wa kidhibiti unaoonyesha kuwa utepe unafanya kazi, banda linahesabiwa salama na trei za mayai zinapakiwa kwenda soko la Kongowea. Mstari huo mmoja haujawaambia lolote.

Kingamwili (protini zinazonasa kijidudu maalumu) zilizobandikwa kwenye chembe za dhahabu hushika Salmonela, lakini wekundu wa mstari wa pili, wa Salmonela, huonekana tu chembe zikirundikana kwa wingi. Tepe nyingi za aina hii huhitaji laki moja hadi milioni moja ya bakteria kwa mililita. Zile za nukta kwanta, chembe ndogo mno zinazong'aa chini ya tochi ya urujuanimno (UV), huona wachache zaidi, ila nazo haziwaondolei kazi ya kuotesha, yaani kuwazidisha bakteria kabla ya kupima.

Basi otesheni kwanza. Gramu 25 za kinyesi kibichi kutoka pembe zote za banda, ndani ya mililita 225 za maji ya peptoni yenye bafa (chakula cha bakteria kisichobadilika uchachu kwa urahisi). Pimeni kwa mizani, si kwa kijiko! Peptoni ikitoka kwenye friji, iacheni kwanza ipoteze ubaridi. Kisha inkubeta, kasha linaloshikilia joto lisilobadilika, nyuzi 34 hadi 38, saa 16 hadi 20. Aliyeanza saa kumi na moja jioni asiiguse chupa kabla ya saa tatu asubuhi.

Hapa ndipo mnapoharibu. Mnasema joto la Mombasa linatosha, chupa inalala rafuni. Halitoshi. Hata msimu wa kaskazi, mchana ukifika nyuzi 32, usiku hushuka hadi 25 hivi. Salmonela hukua polepole na bakteria wengine wa kinyesi huipita. Wala msiiweke kwenye mashine ya kuangulia mayai: ikivuja, vifaranga mmewaambukiza wenyewe. Msio na inkubeta ya vipimo, pelekeni kinyesi maabara ya mifugo siku hiyo hiyo, kwenye boksi lenye barafu.

Baada ya kuotesha ndipo mchovye utepe, na mwusome kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari unaochelewa usihesabiwe. Mstari wa kidhibiti usipotokea, tupeni utepe. Ikitokea mistari miwili, simamisheni mauzo, mwiteni daktari wa mifugo.

Chupa iliyooteshwa imejaa vijidudu hai. Vaeni glavu, isifunguliwe jikoni, na kabla ya kumwaga chooni changanyeni sehemu 1 ya jiki kwa 9 za maji hayo ya chupa, mchanganyiko ukae nusu saa.