Msimu wa kwanza wa klabu mpya ya soka: panga hivi kabla ya filimbi ya kwanza

Kabla ya kusajili hata mshambuliaji mmoja, kaa chini upige hesabu ya safari. Klabu za madaraja ya chini Tanzania, ambazo wachezaji wake wanalipwa kidogo na bado wana kazi zao mchana, huelemewa na nauli kuliko kitu kingine chochote.

Chukua mfano wa ligi ya timu 12 inayochezwa nyumbani na ugenini. Ni mechi 22, na 11 kati ya hizo mtasafiri. Msafara wa watu 24 (wachezaji 18, makocha 2, meneja, daktari, mtunza vifaa na dereva) unaenea kwenye Coaster moja, mipira ikibanwa nyuma. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Ukihesabu lita 1 kwa kilomita 6, kwenda, kurudi na mizunguko ya mjini ni kama lita 300 za dizeli. Weka usiku 2 wa gesti, milo 3 kwa siku kwa vichwa 24, na maji ya kunywa. Fanya hivyo kwa kila kituo, jumlisha, kisha ongeza asilimia 15. Hiyo ni ya pancha, faini, na ile mechi inayoahirishwa kwa mvua mkiwa mmeshafika.

Kinachobaki ndicho cha kulipa wachezaji. Viongozi wengi huanza upande wa pili: wanamwaga fedha za usajili mwezi wa kwanza, halafu mzunguko wa pili timu inasafiri usiku kucha na kushuka garini asubuhi ya mechi. Viingilio vya mlangoni navyo usiviweke kwenye bajeti. Vikipatikana, vilipe maji na ulinzi.

Karatasi

Klabu iandikishwe kwa Msajili wa Vyama vya Michezo aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Anzia kwa afisa michezo wa wilaya, ukiwa na katiba na orodha ya wanachama, kisha omba uanachama wa chama cha soka cha wilaya. Kwenye katiba pigania vipengele viwili: jina na mali ni vya klabu, si vya mwanzilishi, na akaunti ya benki ina watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa fedha. Pasipo hayo, siku mwanzilishi akinuna, timu inabaki na jezi tu, na pengine hata jezi anaondoka nazo.

Kanuni za ligi hubadilika, kwa hiyo soma toleo la msimu huu, si lile alilonalo rafiki yako kwenye simu. Mpe mtu mmoja jukumu la usajili na leseni. Ahakikishe majina na tarehe ya kuzaliwa vinalingana herufi kwa herufi na cheti au kitambulisho cha NIDA, maana rufaa nyingi huanzia hapo, na pointi mlizopata kwa jasho huondoka mezani. Mchezaji aliyewahi kusajiliwa Burundi au Kongo anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa (ITC), hata kama kwao alicheza ridhaa. Mtu huyohuyo ashike daftari la kadi: jina, mechi, njano au nyekundu, na mechi anayokosa. Usitegemee kumbukumbu ya kocha.

Kwa FIFA, mchezaji mwenye mkataba wa maandishi anayelipwa zaidi ya gharama zake za kucheza ni wa kulipwa, hata kama asubuhi anaendesha bodaboda. Andika mkataba kwa Kiswahili, nakala 3, ukitaja mshahara, posho ya mechi, tarehe ya malipo, na nani anagharamia matibabu. Lipa kwa benki au kwa simu ili muamala ubaki. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kutoa notisi ya siku 15 na kuvunja mkataba, kwa hiyo ahidi kiasi kidogo unachokiweza. Kipengele cha ndondo (mechi za mtaani nje ya klabu) kiwe wazi: bila ruhusa ya maandishi, hapana. Beki akivunjika kwenye bonanza la mtaani, gharama na pengo vinabaki kwenu.

Kikosi, mazoezi na vifaa

Wachezaji 23 wanatosha: makipa 3, na kila nafasi nyingine watu wawili. Zaidi ya hapo unalipa watazamaji. Mazoezi yawe mara 4 kwa wiki, saa 10:45 hadi 12:15 jioni, ili aliyetoka kazini awahi na giza lisiwakute.

Nunua mipira 12 ya saizi 5, pampu yenye geji (upepo uwe kati ya 0.6 na 1.1 bar), seti 2 za jezi za rangi zisizokaribiana, za makipa kando, na jezi 2 zisizo na namba. Mchezaji mwenye damu kwenye jezi haruhusiwi kuendelea nayo, na hapo ndipo hizo mbili zinapookoa.

Uwanja

Kwa uwanja wa mita 100 kwa 64, anza na kona moja. Pima mita 12 kwenye mstari wa goli na mita 16 kwenye mstari wa pembeni. Kamba ya mita 20 ikiunganisha alama hizo mbili bila kulegea wala kuvutwa, kona imenyooka. Mwishoni pima kona hadi kona pande zote mbili: kila moja iwe karibu mita 118.7. Zikitofautiana kwa nusu mita, rudia kabla ya kumwaga rangi.

Boksi kubwa linaingia ndani mita 16.5 na upana wake ni 40.32, dogo mita 5.5, nukta ya penalti mita 11, duara la kati mita 9.15 kutoka katikati. Mistari isizidi sentimita 12. Usitumie chokaa isiyozimwa: ikikutana na jasho au mvua huunguza ngozi na macho ya anayeteleza. Rangi nyeupe ya maji ni ghali kidogo lakini salama.

Siku ya mechi, daktari wa timu awe na barafu, bandeji na namba ya hospitali ya karibu, na gari lisizibiwe njia na mashabiki. Aliyegongwa kichwa akayumba hatoki na kurudi: anatoka moja kwa moja. Mchezaji yeyote akianguka bila kuguswa na hapumui kawaida, anza kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika huku mwingine akiita gari.

Mzunguko wa kwanza ukiisha, fungua hesabu upya kabla ya dirisha dogo, yaani kipindi cha usajili cha katikati ya msimu. Kama fedha za safari zilizobaki hazifiki mechi ya mwisho, usisajili mtu.