Dereva mpya Uingereza, usiishike simu kabisa

Ndugu zangu mnaoendesha Uingereza, hasa mliopata leseni juzijuzi, hili liwekeni akilini. Dereva wa kawaida hufungiwa kuendesha akifikisha pointi 12 za adhabu ndani ya miaka 3. Wewe mpya, katika miaka 2 ya kwanza, kikomo chako ni 6 tu. Ukizifikisha leseni inafutwa, unarudi kwenye leseni ya muda ya mwanafunzi na kufanya upya mtihani wa nadharia na wa barabarani.

Sasa, kushika simu ukiwa kwenye usukani ni pointi 6 na faini ya pauni 200. Yaani kosa moja tu! Hata ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu au foleni, sheria ni ileile. Weka ramani kabla hujaondoka, na simu ikae kwenye kishikilio kisichokuziba kuona mbele.

Mwendo kasi huanzia pointi 3, kuvuka taa nyekundu 3. Tairi nazo mzikague: kashata zikipungua chini ya milimita 1.6, kila tairi bovu lina pointi zake 3. Mawili tu, leseni imekwenda.