Namna ya Kulinganisha Mashua Mbili za Tanga Zilizotumika kwa Ajili ya Ziwa Nyasa

Mkazi wa Mbeya au Iringa anayetafuta mashua ya tanga ya faiba kwa ajili ya Ziwa Nyasa hulazimika kutazama soko la Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, na mara nyingi hubaki na mbili za kuchagua: moja nyepesi iliyoundwa kwa mashindano, na nyingine nzito iliyoundwa kwa safari ndefu. Kabla ya kuuliza bei, aamue ni kiasi gani cha muda wake kitakwenda kwenye safari, kiasi gani kwenye mashindano na kiasi gani kwenye kuishi chomboni, kwa sababu hakuna mashua inayotimiza yote matatu kwa kiwango kimoja, na muuzaji hatakuwa na haraka ya kumweleza hivyo.

Ziwa lenyewe limekwisha kupunguza uchaguzi. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kaskazini hadi kusini, na upepo wa kusi, ambao wavuvi wengi huuita mwera, huvuma kwa nguvu kati ya Mei na Agosti ukisukuma mawimbi kuelekea kaskazini, zilipo Matema na Kyela. Upande wa Kyela, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga tope na kufanya maji ya ufukweni kuwa mafupi, ilhali chini ya Milima ya Livingstone kina huongezeka ghafla karibu kabisa na nchi kavu. Kwa hiyo mkuku (sehemu ya chini kabisa ya mashua, inayozama majini) ukiwa mrefu utaleta usumbufu upande mmoja, na kamba fupi ya nanga italeta hatari upande wa pili, maana kamba hiyo inapaswa kuwa na urefu wa mara tano hadi saba ya kina cha maji.

Baada ya hapo, mahesabu mawili yatasaidia kuliko sifa za muuzaji. Tuseme mashua nyepesi ina uzito wa tani 2.5, matanga ya mita za mraba 40 na urefu wa mita 7.3 pale inapokutana na maji. Ile nzito ina tani 4.5, matanga ya mita za mraba 38 na urefu wa mita 7 kwenye usawa huo. Kasi ya juu ya mashua ya aina hii, kwa kilomita kwa saa, hukadiriwa kwa kuzidisha 4.5 kwa kipeuo cha pili cha urefu huo wa mita. Ya kwanza itafikia takriban 12.2 na ya pili 11.9, tofauti ambayo msafiri hataihisi. Tofauti halisi huonekana upepo unapokuwa mdogo: gawanya eneo la matanga kwa ujazo wa maji yanayosukumwa na chombo (tani moja ni karibu mita moja ya ujazo), ujazo huo ukiwa umepandishwa kwenye kipeo cha theluthi mbili. Mashua nyepesi hupata karibu 21.7, kiwango cha mashindano. Nzito hupata karibu 13.9, na asubuhi yenye upepo hafifu itakuwa ikitambaa.

Lakini mahesabu hayo ni ya chombo kitupu. Anayeishi chomboni hupakia maji, mafuta, jiko, vyakula, vipuri na nguo, na nusu tani ya mizigo ni moja ya tano ya uzito wa ile nyepesi, lakini ni moja ya tisa tu ya ile nzito. Mashua nyepesi iliyopakiwa hivyo hupoteza sehemu kubwa ya wepesi iliyonunuliwa kwa ajili yake. Kwa maoni yangu, anayekusudia kulala chomboni zaidi ya wikiendi asiichukue, hata ikiwa nafuu. Akague pia kama anaweza kusimama wima ndani na kama hewa inapita vizuri, kwani Kyela kuna joto na mvua nyingi.

Ukaguzi wa hali ndio wa kufanywa kwa subira. Mashua ipandishwe nchi kavu, kisha bodi, yaani mwili wa mashua, igongwe kwa nyundo ya plastiki. Mlio mzito na uliofifia huashiria faiba iliyoachana ndani. Malengelenge yatafutwe mara tu inapotoka majini, kabla hayajakauka, na yasipuuzwe, kwani maji baridi huyaendeleza haraka kuliko maji ya chumvi. Kutu au ufa kwenye kiungo cha mkuku na bodi ni sababu tosha ya kusitisha mazungumzo mpaka fundi afungue boliti. Nyaya za mlingoti zikiwa na zaidi ya miaka 10 hadi 15, gharama ya kuzibadilisha ihesabiwe kwenye bei, na vivyo hivyo matanga, kwa kuwa hayo yote yataagizwa kutoka mbali. Injini ndogo ya dizeli inatisha kidogo zaidi kwenye karatasi kuliko ilivyo, maana mafundi wanaohudumia pawatila za Mbarali wanaijua kazi hiyo. Vipande vya zinki vinavyokinga vyuma dhidi ya kutu baharini vibadilishwe kwa vya magnesiamu kabla ya kuingia ziwani.

Zote mbili zijaribiwe siku moja, katika upepo uleule, na hasa katika kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kukata kona, kwa sababu anayetoka Matema kwenda Mbamba Bay wakati wa kusi atabisha karibu njia nzima.

Mwisho ipimwe barabara. Chombo kitapita Mikumi, Mlima Kitonga, Iringa na Mbeya hadi Kyela, mlingoti ukiwa umelazwa, na kikizidi upana wa lori kitahitaji kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka TANROADS. Gharama hiyo, pamoja na ya winchi ya kushushia, iongezwe kwenye bei ya kila mashua kabla ya kulinganisha, na malipo ya awali yasitolewe mpaka muuzaji aonyeshe hati za umiliki, usajili wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) na, kama chombo kiliingizwa kutoka nje, risiti za ushuru wa TRA.